Pumzi ya Tangi

Tembo la mnazi likiachwa wazi siku chache, nzi wadogo hulivamia na mwisho huwa siki. Nzi hao hutembea na bakteria wa siki miguuni. Mwaka 1933, mjini Zurich, mwanakemia Tadeus Reichstein alikuwa akiwatafuta bakteria wa jamii hiyo ili atengeneze vitamini C. Aliacha bilauri zake wazi. Katika mojawapo nzi akatumbukia akafa, na bakteria aliokuja nao ndio walioifanya kazi.

Kazi yenyewe ni kugeuza sorbitoli, ambayo hutokana na glukosi, iwe sorbosi, hatua mojawapo ya kuelekea vitamini C. Molekuli ya sorbitoli ina sehemu sita za oksijeni na haidrojeni zinazofanana mno, na kemikali kali ingeshambulia yoyote. Gluconobacter, mmojawapo wa bakteria hao wa jamii ya siki, hugusa moja tu. Haidrojeni anayoivua huikabidhi oksijeni, yakawa maji. Tena sorbitoli haina haja ya kuingia ndani kabisa ya seli: vimeng'enya husika vimepachikwa kwenye utando, vikielekea nje. Ndiyo maana kiwanda hutumia bakteria mzima mzima, bila kuhangaika kuchuja kimeng'enya.

Kwenye bilauri mambo ni mepesi. Kwenye tangi la maelfu ya lita, tabu ni pumzi. Lita moja ya maji yenye joto la nyuzi 30 hushika miligramu 7.5 hivi za oksijeni. Kugeuza gramu 200 za sorbitoli ndani ya lita hiyo kunadai gramu 17 na ushei. Maana yake akiba ile ijazwe upya zaidi ya mara 2,000! Binafsi, hesabu hii hunishangaza kuliko bakteria mwenyewe.

Basi hewa husukumwa kutoka chini, na mapanga yanayozunguka huikatakata iwe viputo vidogo, maana oksijeni huingia majini kupitia ngozi ya kiputo. Ukizidisha kasi, povu hufurika na gharama ya umeme hupanda. Joto linalotokana na kazi hiyo nalo lina lake: tangi likikuzwa maradufu kila upande, ujazo huwa mara nane lakini ukuta wa kutolea joto mara nne tu, kwa hiyo mabomba ya maji baridi hupitishwa ndani.

Umeme ukikatika, mapanga husimama. Viputo hupanda juu vikaisha, na oksijeni iliyobaki majini huliwa kwa sekunde chache. Kwenye matangi ya siki, ambako asidi ni kali, kukosa hewa kwa muda mfupi tu hutosha kuwaua bakteria.