MATATIZO YA AKILI: WAGONJWA WAKO WAPI?

Ukitaja ugonjwa wa akili hapa Bukundi, wengi humfikiria mtu anayetembea barabarani akizungumza peke yake. Wagonjwa wa namna hiyo ni wachache. Walio wengi wana sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, au wasiwasi uliopita kiasi. Hawa huenda shambani, huchunga ng'ombe na hufika kanisani. Watu husema tu kwamba "wana mawazo", au huwaita wavivu.

Ni wengi kiasi gani?

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 970, yaani mtu 1 kati ya 8 duniani, walikuwa na tatizo la akili. Wasiwasi na sonona ndiyo yaliyoongoza.

Kwa Tanzania, utafiti uliochapishwa mwaka 2010 uliwahoji watu 899 wa Dar es Salaam katika makazi yao. Asilimia 3.1 walikutwa na matatizo haya. Idadi hiyo yaweza kuonekana ndogo. Lakini utafiti mwingine wa jijini humo, uliochapishwa mwaka 2003, uliwahoji watu waliokwenda kutafuta tiba. Katika vituo vya afya ya msingi walikuwa asilimia 24. Kwa waganga wa jadi walikuwa asilimia 48, karibu nusu.

Hesabu hizi zinatufundisha nini?

Mgonjwa huyu hasemi "nina huzuni". Husema kichwa kinauma, moyo unakwenda mbio, usingizi hauji, nguvu zimeisha. Akitibiwa malaria asipone, huenda kwa mganga. Akiambiwa amerogwa, familia huuza mifugo, na pengine lawama humwangukia mama mzee wa jirani. Kanda yetu inajua jinsi tuhuma za uchawi zilivyogharimu maisha ya akina mama wazee. Kumtambua mgonjwa mapema basi ni kumwokoa yeye, mali ya familia na jirani yake pia.

Kamati za parokia zifanye nini?

1. Viongozi wa jumuiya ndogondogo wawatembelee waliofiwa, waliopoteza mifugo au mazao kwa ukame, na akina mama waliojifungua karibuni.

2. Mtu akikosa usingizi, hamu ya kula au furaha kwa wiki mbili au zaidi, asindikizwe zahanati na aeleze yote, si kichwa tu. Wanaohitaji zaidi wapelekwe Hospitali ya Wilaya, Mwanhuzi, au Bugando, Mwanza.

3. Anayesema heri afe asiachwe peke yake. Apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo.

4. Tusali pamoja na mgonjwa, lakini tusimwambie aache dawa.

Kwa wafadhili wetu: nauli ya kufika hospitali na mafunzo ya wahudumu wa afya ni msaada mkubwa. Sonona na wasiwasi vinatibika, mradi mgonjwa afike panapotibiwa.