Visimamizi vya Vifurushi na Uchunguzi wa Matini za Kijaluo

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi maktaba za programu zinavyopatikana na kutunzwa katika kompyuta, na kwa nini jambo hilo limhusu mwanaisimu. Huenda msomaji akasema kwamba hayo ni ya wahandisi. Lakini siku hizi mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rongo, katika kaunti ya Migori, au wa Chuo Kikuu cha Tom Mboya mjini Homa Bay, anapotaka kuhesabu maneno katika matini ya Kijaluo, Kisuba au Kikuria, hana haja tena ya kupanga vikadi mezani. Huandika mistari michache kwa lugha ya Python, na sehemu kubwa ya kazi hufanywa na maktaba iliyotungwa na watu asiowajua.

Tuanze na istilahi. Maktaba hapa si mahali pa vitabu, bali ni mkusanyo wa taratibu zilizokwisha andikwa, ambazo mtungaji wa programu aweza kuziita azitumie. Ikifungwa pamoja na maelezo ya jina lake, toleo lake na maktaba nyingine inazozitegemea, huwa kifurushi. Neno hili lina udhia wake, kwani kwa Mtanzania kifurushi ni kile anachokinunua kwa simu ili apate intaneti, ambacho kwetu Kenya huitwa bando. Hata hivyo sioni lililo bora. Chombo kinachoagiza na kupanga vifurushi nakiita kisimamizi, wala si msimamizi, kwa mfano wa kikokotoo na kichapishi.

Kisimamizi cha Python kinachotumika zaidi ni pip, kilichoanza mwaka 2008. Ghala yake, PyPI, ilitangulia mwaka 2003. Tuseme mtu akiamuru kiweke NLTK, maktaba ya uchunguzi wa lugha iliyoanza mwaka 2001 katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Pip huitafuta ghalani, husoma orodha ya vitegemezi vyake, huchagua matoleo yasiyogombana, kisha huteremsha yote. Ghala ni wazi kwa kila mtu kuweka kazi yake, na kosa la herufi moja katika jina laweza kuleta kifurushi cha mlaghai. Tena kilichopo leo chaweza kuondolewa kesho: mwaka 2016, katika ghala ya npm, mtungaji mmoja aliondoa maktaba yake ya mistari 11 iitwayo left-pad, na programu maelfu zilizoitegemea zikashindwa kujengwa.

Hatari inayotuhusu zaidi ni ya kimyakimya. Kijaluo huandika sauti ya king'ong'o kwa ng na ritifaa, hata mwishoni mwa neno: wang', yaani jicho, chieng', yaani jua. Kikata-maneno cha kawaida cha NLTK kilitungwa kwa desturi za Kiingereza, hivyo ritifaa ya mwisho wa neno hukisiwa kuwa alama ya kufunga usemi. Wang' hugawanyika ikawa wang, na ritifaa ikahesabiwa kama neno la pekee. Kiswahili huponea chupuchupu, kwa kuwa katika ng'ombe ritifaa i katikati. Lakini ikipigwa chapa ile ritifaa iliyopinda, ambayo programu za uandishi huiweka zenyewe, matoleo ya karibuni humkata ng'ombe vipande vitatu. Basi wanafunzi wawili wenye matini moja, mmoja Migori na mwingine Homa Bay, waweza kuleta hesabu mbili, na kila mmoja akaapa kwamba hakukosea.

Wakati mwingine tofauti hupiga kelele. Mwaka 2024 NLTK iliacha muundo wa zamani wa data za kukata sentensi, kwa sababu mafaili ya muundo huo yangeweza kuficha amri za hila. Programu zilizoagiza data kwa jina la zamani, punkt, zikakwama, kwani toleo jipya lilidai punkt_tab. Yafaa ieleweke kwamba data hizo haziletwi na pip. Huteremshwa mbali, na hili ndilo linalowachanganya wengi.

Dawa yake si ngumu. Kila utafiti utengewe mazingira yake kwa venv, chombo kilichomo ndani ya Python tangu mwaka 2012, ili maktaba za kazi moja zisiingilie za nyingine. Kisha pip iamriwe kuorodhesha kila kifurushi pamoja na toleo lake kamili, na orodha hiyo iambatishwe kwenye tasnifu kama tuambatishavyo hojaji. Kwa anayefanya kazi Rusinga au Mfangano, ambako kila megabaiti ina bei yake, vifurushi vyaweza kuteremshwa mara moja chuoni, vikabebwa katika diski ya mkononi, na pip ikaambiwa isome humo bila kugusa intaneti. Sharti kompyuta zote mbili ziwe na mfumo wa aina moja na Python ya toleo moja.

Ama kuhusu wang', njia niionayo nyepesi ni kubadili kila ritifaa ya king'ong'o, kabla ya kuhesabu, iwe alama ya Unicode yenye namba 02BC, ambayo umbo lake ni lile lile lakini kompyuta huihesabu kuwa herufi. Badiliko hilo nalo liandikwe katika tasnifu, kando ya orodha ya matoleo.