Unajenga gereji ushago? Acha tundu la dari kabla fundi hajafunga silingi

Umejinyima Nairobi miaka miwili, umetuma hela kwa M-Pesa kila mwisho wa mwezi, na sasa gereji yako imesimama kando ya nyumba ya wazee kule Nyamache. Kuta zimefika juu, kenchi zimepandishwa, mabati yanang'aa hadi ng'ambo ya mashamba ya majani chai. Fundi anakupigia simu: "Boss, nifunge silingi?" Unamwambia afunge. Hapo ndipo wengi wetu huteleza.

Kabla hujajibu, muulize swali moja tu: "Nikitaka kupanda darini, nitapitia wapi?"

Usidhani kwamba kati ya bodi na mabati hakuna kitu. Humo ndimo nyaya za taa hupita. Humo ndimo panya hujenga. Na kwa mvua ya milima ya Kisii, siku moja msumari wa bati utalegea na maji yataingia. Tone la maji halianguki moja kwa moja. Hufuata mbao, kisha hutokeza doa kwenye bodi mbali na pale linapovuja. Bila tundu la kupandia, fundi atavunja bodi hapa, avunje pale, akitafuta. Utalipia bodi mara mbili.

Doa la maji ni afadhali. Noma ni waya uliotafunwa na panya. Unaweza kuanza kuungua mahali ambapo hakuna jicho linalofika, na utajua tu moshi ukishaanza kutoka chini ya mabati.

Basi tundu liwe kubwa kiasi gani? Ukiwa na binamu Minnesota, ambako Wakisii ni wengi, muulize. Kanuni za nyumba za makazi zinazofuatwa na majimbo mengi ya Marekani zinasema hivi: dari likizidi futi 30 za mraba, na kimo chake kikafika inchi 30, lazima liwe na tundu la kupandia. Tundu lenyewe lisipungue inchi 22 kwa 30, yaani kama sentimita 56 kwa 76. Juu yake kuwe na nafasi ya inchi 30, usije ukagonga kichwa. Tena liwe mahali panapofikika kwa urahisi.

Hiyo si sheria ya Kenya, lakini ni kipimo kizuri cha kuazima. Mtu mzima aliyebeba tochi na koleo anapita bila kujikunja kama nyoka.

Kwa fundi wako kazi hii ni ndogo. Achague nafasi kati ya kenchi mbili, aizungushie fremu ya mbao, na kile kipande cha bodi alichokata kiwe ndicho kifuniko. Mambo mawili asiyafanye. Asikate mbao ya chini ya kenchi ili kupata nafasi, kwa sababu hiyo ndiyo inayozuia kuta zisisukumwe nje na uzito wa paa. Na asiweke tundu juu kabisa ya pale gari litakapolala. Utasimamisha ngazi wapi, juu ya boneti?

Wazo lenyewe si geni kwetu. Ekiage, lile ghala la nafaka la wazee, lilikuwa na paa la nyasi linaloinuliwa ili mtu afikie wimbi wake. Wazee walijua kwamba chombo usichoweza kukifungua si chako.

Sasa ukishapata tundu, tamaa itakuja. Kwanza ni mahindi. Mama atasema dari liko tupu, magunia yapande. Mkatalie kwa heshima. Magunia 10 ya kilo 90 ni kilo 900, uzito unaokaribia ule wa Probox tupu. Mbao za silingi ziliwekwa kushika bodi tu. Isitoshe, chini ya mabati mchana ni tanuri na usiku ni unyevu, na mahindi yenye unyevu unaozidi asilimia 13.5 huota kuvu, hata kuingia sumu ya aflatoksini.

Tamaa ya pili ni hatari zaidi. Mdogo wako ametoka jandoni na anahitaji saiga yake. Mtu anasema, "Tumwekee godoro huko juu, si kuna tundu?" Hapana. Chini yake kuna gari, pikipiki, labda na mtungi wa petroli. Moto ukianza chini, joto na moshi hupanda, na hupandia pale pale kwenye tundu. Njia yake pekee ya kutokea inakuwa bomba la moshi. Tundu la dari ni la fundi na tochi, si mlango wa chumba cha kulala. Ukitaka watu walale juu, hiyo si dari tena, ni ghorofa: inataka sakafu imara, ngazi ya kudumu, madirisha ya kutokea na ramani yake.

Ukitaja ramani, taja na kaunti. Sheria ya mipango ya ardhi ya 2019 inataka upate kibali kabla ya kujenga. Ukijenga bila kibali, faini inaweza kufika Sh500,000, au kifungo cha hadi miezi miwili, au vyote viwili. Kanuni za ujenzi nazo si zile za 1968 tena. Mpya zilichapishwa 2024 na kuanza kutumika Machi 2025. Kwa hivyo mwambie anayekuchorea ramani aonyeshe tundu la dari hapo hapo kwenye karatasi. Likiwa kwenye ramani, fundi hawezi kusema alisahau.

Kwa hivyo mpigie fundi leo, bodi zikiwa bado zimeegemea ukuta. Leo atakata kipande kimoja kwa msumeno. Baada ya kupaka rangi, ni nyundo.