Serifu Kwenye Visanduku 35

Risiti ya mashine ya kielektroniki ya kodi (EFD), iwe ya duka la vifaa vya ujenzi Tarime mjini au la jumla Mugumu, huandikwa kwa nukta. Mashine huipasha karatasi joto nukta kwa nukta, na kila herufi hujengwa kwa kujaza visanduku vya gridi au kuviacha wazi. Kisanduku kimoja ni pikseli. Mashine hizo zilianza kutumika nchini Tanzania mwaka 2010, na risiti zake hazijatunzwa na mtu kwa sababu ya uzuri.

Hata hivyo, herufi za namna hiyo zimerudi kama mtindo, nyingine zikiwa na serifu, yaani vile vijistari vinavyomalizia ncha za herufi katika Times New Roman. Mfano wa zamani ni New York, fonti ya Susan Kare kwa ajili ya Macintosh ya mwaka 1984, kompyuta yenye skrini ya pikseli 512 kwa 342. Kare alibanwa na skrini. Mbunifu wa leo ana mamilioni ya pikseli, hujibana mwenyewe, na ankara yake haipungui.

Katika gridi ya kawaida ya visanduku 5 kwa 7, nguzo ya herufi i ina upana wa pikseli moja. Ikipewa serifu pande zote inakuwa tatu. Herufi m ni ngumu zaidi. Nguzo zake tatu zimeachana kwa pikseli moja moja, hivyo kila nguzo ikiwekewa mguu, miguu hugusana na herufi inazibika chini. Mbunifu ama aziachanishe nguzo zaidi, ama aziwekee serifu nguzo za pembeni tu, tena upande wa nje; kwa vyovyote herufi inapanuka. Jina Nyamongo likiandikwa kwa herufi ndogo, y na g hudai mikia, na safu saba hazina nafasi chini ya mstari, basi hupandishwa.

Fonti hizi zinafaa vichwa vya habari, nembo na michezo ya kompyuta, kwa sharti la ukubwa: iliyochorwa kwa pikseli 16 ikuzwe hadi 32 au 48. Ukiivuta ovyo ijae kadi ya mchango, kingo hufifia.

Mtihani halisi kwa Tarime na Mugumu ni irabu za Kikuria. Lugha hiyo ina irabu saba, na wanaisimu huandika mbili za ziada kama ɛ na ɔ. Katika herufi ndogo yenye upana wa pikseli nne na kimo cha tano, o na ɔ zinaweza kutofautiana kwa pikseli moja tu, ile iliyoachwa wazi ubavuni kushoto. Serifu ikining'inizwa kwenye ncha ya juu ya ɔ, inaangukia papo hapo: pengo linaziba, na irabu saba zinabaki sita. Dawa ni kuongeza kimo hadi safu saba, na kuichora ɔ kabla ya kuamua umbo la serifu.