Ruzuku iende penye moshi

Serikali ikitangaza fedha za nishati, wengi wetu husikia neno moja tu: umeme. Bwawa jipya, nguzo, sola juu ya paa la zahanati. Si ajabu, kwani nchini Burundi karibu kaya tisa kati ya kumi bado hazina umeme. Lakini ipo ruzuku ya aina nyingine, isiyo na utepe wa kukata wala jiwe la msingi: fedha za kupunguza nishati inayopotea katika kazi ambazo tayari tunazifanya. Na ukiuliza Rumonge, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, inapotezea wapi, jibu haliko kwenye mita ya REGIDESO, shirika la umeme na maji. Liko kwenye kuni.

Chukua mawese. Rumonge ndiyo makao ya OHP, ofisi ya serikali ya zao la mchikichi, na mafuta ya mwambao huu hufika hadi viwanda vya sabuni vya Bujumbura. Sehemu kubwa hukamuliwa na wasindikaji wadogo, na kazi yao hutaka moto mara mbili. Kwanza chikichi huchemshwa kwenye pipa ili nyama yake ilainike, na ili joto liue kimeng'enya ambacho kikiachwa huyafanya mafuta yachachuke. Baada ya kutwanga na kukamua, mafuta hurudishwa motoni ili maji na takataka vijitenge. Mara nyingi moto wenyewe ni wa mafiga, na upepo wa ziwa huupiga kutoka kila upande.

Mafiga matatu hufikisha kwenye chungu takribani asilimia 10 hadi 15 tu ya joto la kuni. Kiasi kilichobaki huishia hewani, ardhini na katika moshi, na moshi nao ni kuni zisizoungua vizuri. Tanuri la matofali lililolizunguka pipa, lenye wavu wa kupitisha hewa chini ya kuni, mlango mdogo na bomba la moshi, laweza kuongeza kiwango hicho maradufu. Hapo mzigo mmoja wa kuni hufanya kazi ya miwili. Hakuna cha kuagiza ng'ambo. Fundi wa matofali akionyeshwa vipimo anaweza.

Tena kuna kuni nyingine zimelala hapo hapo kinuni. Nyuzi zinazobaki baada ya kukamua, pamoja na maganda magumu ya kokwa, huwaka kwa joto kali. Viwanda vikubwa vya mawese duniani huendesha boila zao kwa mabaki hayo. Kwenye mafiga ya wazi nyuzi hufuka moshi tu. Zinataka tanuri lenye mvuto wa hewa. Ndiyo maana nasema tanuri ndilo la kwanza, mengine yatafuata.

Kama faida ni wazi hivyo, mbona mwenye kinu asijenge mwenyewe? Wengine hawana akiba ya kununua matofali na chuma kwa mkupuo. Na pale ambapo mteja huja kinuni na kuni zake, mwenye kinu hana sababu ya kuzionea uchungu: gharama ya tanuri ni yake, nafuu ni ya mteja. Juu ya yote, miti haitumi ankara. Msitu wa Kigwena, kusini mwa mji, ni kipande kidogo tu kilichobaki cha msitu wa mwambao, na miombo ya Rumonge na Vyanda bado ina sokwe. Hasara ya misitu hiyo huwaangukia wote, hata asiyeonja mawese. Hapo ndipo fedha ya umma inapopata uhalali wa kuingia katika biashara ya mtu.

Fedha zenyewe zipo. Ujenzi wa mabwawa ya Jiji na Mulembwe, yenye uwezo wa karibu megawati 50, umegharimiwa kwa sehemu kubwa na wafadhili, Benki ya Dunia ikiwa miongoni mwao. Mwaka 2020 benki hiyo iliidhinisha ruzuku ya dola milioni 100 kwa mradi wa sola vijijini, ambao ndani yake kuna pia fungu la majiko banifu. Hizo hupangwa Bujumbura na Washington. Iliyo karibu zaidi na mwananchi ni ile inayopitia FONIC, mfuko wa taifa wa uwekezaji katika komine. Kwa miaka kadhaa serikali ilikuwa ikitenga faranga milioni 500 kwa kila komine kwa mwaka. Kisha mwaka 2025 komine 119 ziliunganishwa zikabaki 42, na Rumonge ikaingia mkoa mpya wa Burunga.

Fedha ya FONIC haiombwi na mtu mmoja mmoja. Mradi sharti uwemo katika mpango wa maendeleo wa komine, baraza liupitishe, kisha jalada liende kwenye mfuko. Na barazani, tuseme ukweli, darasa au soko hushinda tanuri, kwa kuwa darasa huonekana barabarani. Sioni ubaya wa madarasa. Naona ubaya wa orodha ambayo mwaka baada ya mwaka haina hata mstari mmoja wa kuokoa kuni, katika komine inayoishi kwa kuzichoma.

Ruzuku ya kuokoa nishati ina hatari yake. Jiko la bure huishia kuwa kiti cha kuku. Kwa hiyo wataalamu hupendelea kulipa kwa matokeo: mjenzi hupewa sehemu ya fedha kazi ikiisha, na iliyobaki baada ya miezi kadhaa, mkaguzi akishathibitisha kwamba tanuri bado linatumika na kuni zimepungua. Mwenye kinu naye achangie, hata kama ni matofali na nguvu zake. Uganda ilipogawa bure balbu zinazotumia umeme mdogo, karibu laki nane, mwaka 2007, kutolewa bure hakukuwa tatizo kubwa, kwa sababu balbu huwashwa na kusahauliwa. Tanuri linahitaji mtu wa kulizibua na kulipaka udongo.

Mwambao huu una ushahidi kwamba fedha ndogo yenye mafunzo hufika mbali. Kuanzia 2004, huko Mvugo, upande wa Nyanza-Lac, shirika la FAO liliwafundisha wanaokausha ndagala, wengi wao wanawake, kuacha kuzianika mchangani na kutumia vichanja vya wavu vilivyoinuliwa. Samaki hukauka haraka, hawana mchanga, na bei hupanda. Majirani waliiga. Taa za wavuvi nazo zimebadilika ziwani, kutoka karabai za mafuta ya taa hadi taa za LED na sola, na hapo mvuvi huona nafuu mfukoni moja kwa moja, hasa katika nchi iliyosumbuliwa na uhaba wa mafuta kwa miaka ya karibuni. Kwao mkopo mdogo unatosha. Ruzuku ibaki kwa wenye vinu.

Vyama vya ushirika vya wakamua mawese visingoje tangazo. Pimeni kuni kwa mizani tangu sasa: kilo ngapi kwa kila pipa la chikichi, na lita ngapi za mafuta zimetoka, msimu mzima, ziandikwe daftarini. Mkienda mbele ya baraza la komine bila takwimu hizo, mtaonekana mnaomba msaada. Mkienda nazo, mtakuwa mnauza kuni zilizookolewa, na hapo baraza halitakuwa na sababu ya kuwarudisha.