Wanaozijua Zilizopendwa: Santuri za Miaka ya 1960 Masikioni mwa Mosocho

Neno zilizopendwa, ambalo Wakenya hulitumia kwa nyimbo za dansi zilizovuma kuanzia miaka ya 1950 hadi takriban miaka ya 1970, limekusanya chini yake jamii nzima ya watu wanaozikumbuka nyimbo hizo, wanaobishana juu yake na wanaosahihishana kuhusu nani alipiga gitaa la solo, nani aliitikia na santuri ilitoka mwaka gani. Santuri, yaani ile sahani nyeusi yenye mitaro myembamba ambamo sindano hupita na kutoa sauti, husema machache sana kuhusu watu walioitengeneza, na hayo mengine yote, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya historia ya muziki wa Kenya wa miaka ya 1960, yamebaki mikononi na vinywani mwa mashabiki wa kawaida, wengi wao wakiishi mbali na studio za Nairobi. Maarifa yao ni elimu yenye mbinu zake za kuuliza na kuthibitisha, na yanastahili kuheshimiwa kama elimu nyingine yoyote.

Mosocho, katika Kaunti ya Kisii, ni mahali pazuri pa kuitazama elimu hiyo, kwa sababu si mahali ambapo santuri zilitengenezwa bali ni mahali ambapo zilisikilizwa. Eneo hilo, linalojulikana kwa shule ya wavulana yenye jina la Kadinali Maurice Otunga, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Kisii kuanzia mwaka 1960, liko karibu na mji wa Kisii, na muziki uliofika mjini haukukawia kupanda vilimani. Abagusii, wenyeji wa Kisii, eneo liitwalo pia Gusii, walikuwa na ala yao kubwa, obokano, ambayo ni zeze la nyuzi 8 lenye bakuli pana lililowambwa ngozi, na ambalo mpigaji hulipiga akiwa ameketi. Sauti yake ni nzito, ya kukwaruza, na husikika kifuani kabla ya kusikika masikioni. Yafaa kulikumbuka jambo hili, kwa kuwa msikilizaji aliyelelewa na ngurumo za obokano hakuisikiliza besi ya gitaa la Nairobi kama mtu asiyejua lolote. Alikuwa na kipimo chake tayari.

Redio ndiyo iliyofanya kazi kubwa zaidi ya usambazaji. Shirika la utangazaji la taifa lilipogeuzwa kuwa Sauti ya Kenya mwaka 1964, lilikuwa pia na kituo Kisumu kilichorusha matangazo kwa lugha za magharibi mwa nchi, Ekegusii, yaani lugha ya Abagusii, ikiwamo, na nyumba zilizopata fedha za kahawa, pareto au chai ziliweza kununua redio ya betri, ambayo majirani waliizunguka jioni. Hapo ndipo ulipostawi utamaduni wa salamu: msikilizaji alinunua kadi, akaandika majina ya ndugu, marafiki na mahasimu wake wa utani, akataja wimbo anaoutaka, kisha akaituma kwa posta na kungoja kwa majuma. Mtu aliyetaka kadi yake isomwe na wimbo wake upigwe alilazimika kuutaja wimbo huo sawasawa, pamoja na mwimbaji na bendi, maana mtangazaji hakuwa na muda wa kukisia. Kwa njia hiyo maelfu ya watu walijifunza, bila kujua kwamba wanajifunza, kazi ambayo wakutubi huiita kuorodhesha.

Nyimbo zenyewe zilitoka hasa Nairobi, na miongoni mwa kampuni za kurekodi za wakati huo Equator, iliyoongozwa na mzalishaji Charles Worrod, ina nafasi ya pekee katika kumbukumbu za wapenzi wa zilizopendwa. Bendi ya studio hiyo ilikuwa na Fadhili William, Daudi Kabaka, Gabriel Omolo na Sylvester Odhiambo, pamoja na Wazambia wawili, Nashil Pichen na Peter Tsotsi, na mtindo wake maarufu ni twist ya Kenya, ambayo licha ya jina lake la Kimarekani ilikopa mwendo kutoka kwela ya Afrika Kusini na ikautia ndani ya Kiswahili chepesi kinachoeleweka kuanzia Mombasa hadi Kampala. Kabla yao, wapiga gitaa wa Katanga kama Jean Bosco Mwenda na Edouard Masengo walikuwa wamefika Nairobi na kuonyesha jinsi ya kupiga gitaa kavu, yaani gitaa lisilo la umeme, kwa vidole badala ya kulikwaruza lote kwa pamoja. Tanzania nayo, ambayo haikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri, ilitegemea Nairobi, na ndiyo sababu shabiki wa Kisii aliweza kuzijua bendi za Tanga na Morogoro karibu kama alivyozijua za nyumbani.

Namna shabiki mjuzi anavyoisoma santuri inafaa kuelezwa hatua kwa hatua, kwa sababu wengi hudhani kwamba kujua muziki ni kuusikiliza tu. Kwanza huipima kwa mkono. Santuri za zamani zaidi, zilizozunguka mara 78 kwa dakika, zilitengenezwa kwa shelaki, utomvu mgumu utokanao na wadudu, nazo ni nzito na huvunjika zikianguka. Zile zilizozifuata, za inchi 7 na mizunguko 45 kwa dakika, ni za plastiki, ni nyepesi na hupinda kidogo bila kuvunjika. Kisha husoma lebo, ile karatasi ya mviringo iliyo katikati: jina la kampuni, nambari ya toleo, jina la wimbo, jina la msanii na la bendi, na mara nyingi jina la mtindo, kama vile twist, rumba au chacha, pamoja na lugha ya wimbo. Baada ya hapo huielekeza santuri kwenye mwanga, kwa mshazari, na kutafuta katika ukanda laini uliopo kati ya mtaro wa mwisho na lebo, ambapo kuna herufi na tarakimu zilizochorwa. Hiyo ni nambari ya bamba, yaani alama ya bamba mama lililotumiwa kuchapia santuri hiyo, na aghalabu ndiyo shahidi mwaminifu kuliko lebo, kwa kuwa lebo inaweza kubadilishwa toleo jipya likitoka ilhali bamba hubaki lilelile. Mtu mwenye santuri 20 za kampuni moja, akizipanga kwa nambari hizo, huanza kuuona mfuatano wa kazi ya studio: nani alirekodi karibu na nani, na bendi ipi iliingia wakati nyingine inatoka.

Ulazima wa kazi hii unaeleweka vizuri zaidi ikilinganishwa na hali ya Uingereza. Kundi la The Beatles lilipovunjika, kampuni yao, EMI, ilibaki na mafaili ya studio, na kutokana na mafaili hayo mwandishi Mark Lewisohn aliweza kuchapisha mwaka 1988 kitabu kinachoonyesha siku kwa siku kilichorekodiwa na waliokuwapo. Nairobi ilikuwa tofauti. Wanamuziki wengi walilipwa mara moja tu kwa kurekodi, wapigaji walioalikwa hawakutajwa kwenye lebo, na kanda za kaseti, pamoja na unakili haramu ulioandamana nazo, ziliivunja biashara ya santuri katika miaka ya 1980. Kilichokuwa kwenye faili London, Kenya kimo kichwani mwa mzee, na kijana wa Mosocho aliyekuwa na miaka 18 mwaka 1965 leo anakaribia miaka 80.

Mfano unaowagusa wengi ni Malaika. Fadhili William, mzaliwa wa Taita, aliurekodi wimbo huo na Jambo Boys mnamo mwaka 1960, kisha akaurekodi tena Equator miaka michache baadaye. Miriam Makeba na Harry Belafonte wakaueneza Marekani katika albamu yao ya mwaka 1965, na baadaye kundi la Boney M. likauimba kwa mtindo wa disko. Hata hivyo, Adam Salim wa Tanzania anatajwa na wengi kuwa ndiye aliyeutunga miaka mingi kabla, na wapo wanaowataja wengine. Ubishi huu, ambao ukianzishwa penye wapenzi watatu wa muziki hauishi kabla ya chai kupoa, hutenganisha shabiki wa juujuu na shabiki mjuzi, kwa kuwa huyo wa pili hutenga maswali mawili ambayo watu huyachanganya: nani alitunga, na nani alirekodi kwanza. Santuri hujibu la pili kwa uhakika. Kwa lile la kwanza hutoa jina la yule tu ambaye kampuni iliamua kumwandika, na jina hilo ndilo lililoamua fedha zingemfikia nani.

Wimbo wa pili unaostahili kuelezwa kwa kirefu ni Helule Helule wa Daudi Kabaka, Mkenya aliyezaliwa Uganda mwaka 1939. Mwaka 1962 kampuni ya Decca ya London ilipowasikiliza vijana wa The Beatles na kuwakataa, ilichukua badala yao kundi la Brian Poole na The Tremeloes. The Tremeloes waliendelea baadaye bila Poole, wakashika nafasi ya kwanza nchini Uingereza mwaka 1967, na mwaka 1968 wakarekodi toleo lao la Helule Helule, ambalo lilipanda hadi nafasi ya 14 katika orodha ya nyimbo zinazouzwa zaidi huko. Kwa hiyo, katika mwaka uleule ambao vijana wa Kenya waliokuwa na redio walikuwa wakisikiliza pop ya Uingereza, vijana wa Uingereza walikuwa wakicheza wimbo uliozaliwa Nairobi, wengi wao bila kujua kwamba jina Kabaka lililo katika utunzi ni la mwimbaji wa twist wa Afrika Mashariki. Jambo hili lingepaswa kujulikana na kila mwanafunzi wa muziki nchini. Linajulikana zaidi na wakusanyaji wa santuri, na wao wamelijua kwa njia rahisi kabisa, ya kuweka lebo mbili kando kwa kando na kusoma majina yaliyo chini ya wimbo.

Safari ya kinyume ilikuwa imekwisha kutokea jirani kabisa na Gusii. Mwaka 1950 mtafiti Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, aliwakuta wasichana wa Kipsigis huko Kapkatet wakiimba kuhusu kiumbe aitwaye Chemirocha, nusu mtu na nusu paa. Jina hilo lilitokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika huko bila maelezo yoyote kuhusu mwenye sauti. Sauti ilipokosa historia, wasikilizaji waliitungia historia, tena nzuri, na rekodi hiyo leo ni miongoni mwa zinazopendwa sana katika mkusanyo wa Tracey.

Siku hizi njia za kupashana maarifa ni nyingi. Redio bado inatangulia: Fred Obachi Machoka wa Radio Citizen amekuwa kwa miaka mingi akipiga rumba katika Roga Roga na kuwataja wapigaji kwa majina, na vituo vya Ekegusii kama Egesa FM na Minto FM huwapa wasikilizaji nafasi ya kuzisikia nyimbo za kwao. Nairobi, katika soko la Kenyatta, kibanda nambari 570 kimekuwa kituo cha wanunuzi wa santuri, ambao huja na maswali mengi kuliko fedha, na shirika la Ketebul Music, lililoanzishwa na Tabu Osusa, limewahoji wanamuziki wazee, likatengeneza filamu fupi na kuchapisha vitabu kuhusu benga na mitindo mingine. Pamoja na Abubilla Music ya London, Ketebul iliendesha pia mradi wa Singing Wells, uliorekodi ngoma za asili vijijini na kuwarudishia watu wa Kapkatet sauti zilizochukuliwa na Tracey.

Kuna kazi moja, hata hivyo, ambayo Nairobi na London haziwezi kuifanya, nayo inahusu santuri zilizoimbwa kwa Ekegusii. Lebo zake zilichapishwa mbali na Gusii, mara nyingi na watu wasioijua lugha hiyo, na jina la wimbo liliweza kukatwa mahali pasipostahili au kupoteza irabu. Tatizo si la mpiga chapa peke yake, kwa maana Ekegusii ina irabu 7 ilhali maandishi ya kawaida yana herufi 5 tu za irabu, na tena ni lugha ya toni, ambamo kupanda au kushuka kwa sauti kunaweza kubadili maana ya neno. Hivyo hata jina lililoandikwa kwa uangalifu mkubwa linaweza kusomwa kwa namna zaidi ya moja. Mkusanyaji aliye ng'ambo ataunakili mkanganyiko huo kama ulivyo na kuupeleka katika orodha yake. Mzee wa Mosocho, akiwekewa wimbo huo, husikia irabu ipi imeimbwa na toni ipi imepandishwa, hulitamka jina lilivyokusudiwa, na akiendelea kusikiliza ubeti wa pili anaweza kusema mwimbaji alikuwa mtu wa upande gani wa Gusii.