Bibi Tembo Anajua Maji Yalipo

Ukiwaona tembo wakipita kwa mstari karibu na kijiji, usidhani wanatangatanga. Wanakwenda mahali wanapopajua. Mara nyingi mbele yuko jike mzee. Nyuma yake wako dada zake, binti zake na wajukuu. Watoto wadogo hutembea katikati, karibu na miguu ya mama zao. Huo ni ukoo mmoja. Dume mzima si mtu wa ukoo huo. Vijana wa kiume hukaa na mama zao mpaka miaka 12 au 15 hivi, kisha huondoka. Huishi peke yao au pamoja na madume wenzao.

Leo tuwafuate tembo wa Tarangire, katika Mkoa wa Manyara. Hifadhi ya Taifa ya Tarangire ilianzishwa mwaka 1970. Kwa macho yetu ni eneo kubwa sana. Kwa tembo ni chumba kimoja tu cha nyumba yao, kile chenye mtungi wa maji. Vyumba vingine viko nje ya mpaka.

WAKATI WA KIANGAZI

Kuanzia Juni hadi Oktoba mvua hakuna. Madimbwi ya nje hukauka. Wanyama hurudi kwenye Mto Tarangire. Hata pale unapoona mchanga mtupu, maji yako chini. Tembo huchimba kwa miguu na kwa mkonga, husubiri maji yajikusanye, kisha hunywa. Wakiondoka, wanyama wengine na ndege hunywa katika shimo lile lile.

Tembo mzima hunywa lita 100 au zaidi kwa siku. Hayo ni madebe matano. Hula nyasi, majani na magome ya miti kilo 150 hivi. Kwa hiyo malisho ya karibu na mto huisha upesi. Kila wiki inayopita, safari ya kutoka majini kwenda malishoni na kurudi huwa ndefu zaidi.

Anayeumia kwanza ni mtoto. Mtoto wa tembo hukaa tumboni miezi 22. Akizaliwa ana uzito wa kilo 100 hivi, sawa na gunia la mahindi, lakini nguvu bado hana. Hata mkonga wake humsumbua. Hajui kuutumia, na wakati mwingine anaukanyaga. Ukoo wote hupunguza mwendo kwa ajili yake. Akikwama kwenye korongo, mama yake na mama zake wadogo humsukuma kwa paji la uso na kumvuta mpaka atoke. Mama akikosa chakula, maziwa hupungua. Maziwa yakipungua, mtoto hawezi kwenda na wenzake.

MVUA ZIKIANZA

Mvua za vuli zikinyesha, mto haushiki tena mtu. Maji yako kila mahali. Tembo wengi hutoka hifadhini polepole, wakila njiani. Wengine huelekea mashariki, kwenye nyanda za Simanjiro. Wengine hufuata njia ya Kwakuchinja, kuelekea Ziwa Manyara. Nyumbu na pundamilia nao hutoka, kwa sababu nyasi za Simanjiro zina madini wanayoyahitaji wanyama wanaonyonyesha. Wakati huu koo za tembo hukutana, zikawa kundi kubwa. Masika yakiisha na madimbwi kukauka, hugeuka kurudi mtoni.

Nani huamua siku ya kuondoka? Ni yule bibi. Akianza kutembea, wengine humfuata. Tembo pia huitana kwa mngurumo mzito ambao sehemu yake sikio la binadamu haliwezi kuusikia. Tembo wenzao huusikia wakiwa mbali, hata kilometa kadhaa.

KIANGAZI CHA MWAKA 1993

Mwaka 1993 Tarangire ilipata ukame mkali. Mtafiti Charles Foley na wenzake waliwafuatilia tembo wa makundi matatu. Makundi hayo yalikuwa na watoto 81. Katika muda wa miezi tisa, watoto 16 walikufa. Katika mwaka wa kawaida, katika kila watoto 100 hufa wawili tu hivi.

Lakini vifo havikugawanyika sawasawa. Makundi mawili yalitoka hifadhini kutafuta maji na malisho. Kundi la tatu lilibaki. Katika vifo 16, vifo 10 vilikuwa vya kundi lililobaki.

Tofauti ilikuwa nini? Majike wakubwa katika makundi yaliyotoka walikuwa na umri wa miaka 45 na miaka 38. Katika kundi lililobaki, jike mkubwa alikuwa na miaka 33. Sasa hesabu nyuma. Sehemu hiyo ilikuwa imepata ukame mwingine mkali kati ya mwaka 1958 na 1961. Yule wa miaka 45 alikuwa amekwisha kuwa binti mwenye akili. Yule wa miaka 38 alikuwa mtoto, lakini alitembea na mama yake. Yule wa miaka 33 alikuwa ndio kwanza amezaliwa. Watafiti wanaona kwamba wale wawili wa kwanza huenda walikumbuka njia waliyopitishwa zamani, na huyu wa tatu hakuwa na cha kukumbuka.

Na kwa nini kundi moja halikuwa na bibi? Miaka ya 1970 na 1980 majangili waliua tembo wengi sana nchini kwa ajili ya meno. Huua kwanza wenye meno makubwa, na hao ndio wazee. Biashara ya meno ya tembo kati ya nchi na nchi ilipigwa marufuku mwaka 1989. Jangili huchukua meno tu, lakini njia ya maji hupotea pamoja na yule bibi.

NJIA NA SHAMBA

Sasa tuje kwetu. Tembo hurudi kutoka nyandani mwisho wa masika, mahindi yakiwa yamekomaa. Mkulima amepalilia miezi yote, halafu usiku mmoja ukoo unapita. Ni rahisi kumwambia mkulima huyo kwamba tembo ni mali ya taifa, kama wewe hujalala kwenye dungu na bati la kupiga mkononi.

Ikitokea hasara, toa taarifa upesi kwa serikali ya kijiji, ili ifike kwa ofisa wanyamapori wa wilaya. Sheria ina kifuta jasho kwa mazao, na kifuta machozi kwa mtu aliyeumia au kufa. Si malipo ya hasara yote. Wakulima wengine huzungushia shamba kamba ya katani yenye vitambaa vilivyopakwa oili chafu na pilipili kali ya kusagwa. Inasaidia, ila mvua ikinyesha lazima upake tena. Na usisimame kamwe kati ya mama tembo na mtoto wake.

Kijiji cha Terrat, Simanjiro, kilichagua jambo jingine. Katikati ya miaka ya 2000 kilikubaliana na makampuni ya utalii kwamba sehemu ya uwanda wake isilimwe, ng'ombe waendelee kulishwa humo, na kijiji kilipwe kila mwaka. Ng'ombe na tembo wanaweza kutumia uwanda mmoja. Mahindi na tembo hawawezi.

Mtoto jike aliyeokoka mwaka 1993 sasa ana zaidi ya miaka 30. Akiwa hai, huenda ana binti, hata wajukuu. Ukame mwingine ukija, huenda yeye ndiye atakayetangulia, na njia anayoijua ni ile aliyopitishwa mwaka 1993.